Ingwe: Klabu ya wengi isiyo na mwenyewe

KILA AFC Leopards inapojipata katika dhiki ya fedha, mashabiki wake huanza kumsaka mkosaji. Mara huwa ni mwenyekiti, mara kocha, mara shirikisho, na mara nyingine ni mfadhili aliyefunga virago bila kuaga. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo lilistahili kutangulia hayo yote: klabu hii ni mali ya nani hasa?

Swali lenyewe si la kejeli. Hii ni timu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya taifa zaidi ya mara kumi, na Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tano. Isikuti inaporindima uwanjani Nyayo, hata asiyejua neno moja la Kiluhya hutambua ni nani anayecheza. Mashabiki husema kwa fahari kwamba Ingwe ni ya jamii, na hapo mazungumzo hukatika. Lakini jamii haina sahihi benki. Jamii haiitwi mahakamani. Na mchezaji aliyekaa miezi mitatu bila mshahara hawezi kwenda kubisha kwenye mlango wa jamii, kwa kuwa hajui uko mtaa gani.

Mwandishi huyu anashikilia kwamba matatizo ya Ingwe hayakuanza kwa kuondoka kwa mfadhili yeyote. Yalianza pale klabu iliyobuniwa kwa ajili ya soka ya ridhaa ilipotakiwa kulipa mishahara, ilhali ile nyumba iliyoizaa ilikuwa imekwisha kubomolewa.

Tuanze na nyumba hiyo. AFC Leopards ilizaliwa Machi 12, 1964, miezi mitatu kamili baada ya Kenya kupata uhuru. Jina lake wakati huo lilikuwa Abaluhya. Haikuchipuka kutoka ardhi tupu. Katika mitaa ya Nairobi walimoishi wafanyakazi Waafrika, kama vile Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Bahati, watu wa kutoka magharibi mwa nchi walikuwa na timu zao kufuatana na walikotoka: Marama, Kisa, Bunyore, Samia, Tiriki, Maragoli na kadhalika. Nyingi ya timu hizo hazikuwa klabu kwa maana tuijuayo leo. Zilikuwa tawi la burudani la vyama vya kusaidiana. Chama hicho hicho kilichopanga mechi ya Jumapili ndicho kilichochanga nauli ya kumsafirisha maiti hadi nyumbani, kikamtafutia kijana mgeni pa kulala, na kikamwonya yule aliyeanza kuisahau familia yake kijijini.

Ukiielewa hali hiyo, utaelewa pia kwamba uanachama haukuwa jambo la hiari sana. Aliyekataa kutoa shilingi yake ya mwezi alijua kwamba siku ya msiba wake hatamwona mtu. Timu ilikuwa na wanachama kwa sababu chama kilikuwa na wanachama.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi wanaovalia jezi ya buluu na nyeupe hawalijui. Jina Abaluhya lenyewe lilikuwa bado changa. Lilianza kushika mizizi katika miaka ya 1930 na 1940, pale wasomi na wanasiasa wa lililokuwa Kavirondo Kaskazini walipotaka jina moja la kuwaunganisha watu waliozoea kujiita Wanga, Bukusu, Logoli, Marachi na majina mengineyo mengi. Hivyo basi, mtu wa Samia na mtu wa Marama walipovaa jezi moja mwaka 1964, hawakuwa wakiunganisha timu tu. Walikuwa wakilipa jina jipya mwili wa kuonekana. Huenda si kutia chumvi kusema kwamba kabumbu iliwafundisha Waluhya kuitana Waluhya upesi kuliko siasa ilivyofanya, na hata leo siasa ingali inajaribu.

Muungano huo ulizaa matunda bila kukawia. Ligi ya taifa ilikuwa imeanzishwa mwaka 1963, mabingwa wa kwanza wakiwa Nakuru All Stars. Luo Union walifuatia mwaka 1964, kisha Feisal ya Mombasa ikalipeleka taji pwani mwaka 1965. Abaluhya ilitwaa ligi mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967. Jawabu la watani wao lilikuja Februari 1968, pale Luo Union na Luo Stars zilipoungana na kuunda Gor Mahia, ambayo ilishinda ligi katika msimu wake wa kwanza. Luo Union ilirejea baadaye ikasimama peke yake na hata kuwa bingwa mwaka 1975, lakini tangu mwaka huo wa 1968 mchuano mkubwa wa soka ya Kenya umekuwa kati ya hawa wawili waitanao mashemeji.

Sasa, hao vijana waliokuwa wakicheza walikula nini? Hapa ndipo penye kiini cha habari. Klabu haikuwa na mishahara ya kulipa, na haikutarajiwa kuwa nayo. Mchezaji alikuwa mwajiriwa wa reli, wa posta, wa baraza la jiji, au wa kiwanda kimojawapo katika Eneo la Viwandani. Alfajiri alikwenda kazini kama wenzake, jioni akafanya mazoezi, na mwisho wa wiki akacheza. Klabu ilimpa nauli, chakula baada ya mechi na marupurupu kidogo ikiwa mapato ya langoni yaliruhusu. Aliyeng'ara uwanjani alipata kazi kwa urahisi, kwa kuwa mkuu wa wafanyakazi fulani alikuwa shabiki, au mzee fulani wa chama alimjua mkuu huyo. Kwa hakika, mwajiri ndiye aliyekuwa mfadhili mkuu wa soka ya Kenya, ingawa jina lake halikuandikwa kifuani mwa mtu.

Mfumo huo ulikuwa na uzuri wake. Mchezaji aliyeumia goti hakupoteza riziki. Aliyestaafu soka akiwa na miaka 32 alikuwa bado na kazi yake. Joe Masiga, straika aliyewatesa walinzi wa timu pinzani katika miaka ya 1980, alikuwa daktari wa meno, na kana kwamba hayo hayakutosha, alicheza raga pia. Ni vigumu leo kumfikiria mfungaji tegemeo wa klabu kubwa akiingia kliniki Jumatatu asubuhi kung'oa watu meno.

Lakini ulikuwa na ukatili wake vilevile, na hakuna anayeonyesha hilo wazi kumshinda Joe Kadenge. Huyu ndiye mwanasoka ambaye jina lake, kupitia sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, liligeuka kuwa msemo wa taifa zima: Kadenge na mpira. Watoto ambao hawakuwahi kumwona akicheza walikimbiza mipira ya matambara wakitaja jina hilo. Kadenge alichezea Maragoli, akaichezea Abaluhya, akaiwakilisha Kenya na baadaye akawa mkufunzi. Katika miaka yake ya baadaye aliendesha teksi jijini Nairobi. Alifariki Julai 7, 2019, na viongozi wakatoa rambirambi zilizojaa sifa. Kazi ya teksi haina aibu yoyote. Aibu ni kwamba soka iliyomtumia kwa miaka yote hiyo haikuwa na daftari lolote lililoandikwa deni lake kwake. Mbotela naye alituacha Februari 2025, na kizazi kile sasa kinakwisha.

Kwa miaka kumi na sita ya mwanzo, basi, klabu ilisimama juu ya nguzo mbili: chama kilicholeta wanachama na mwajiri aliyelisha wachezaji. Katika enzi hiyo ilitwaa pia ligi za mwaka 1970 na 1973, na Kenya ilipofuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972, difenda wa Abaluhya Jonathan Niva alikuwa miongoni mwa waliokwenda Cameroon. Mwaka 1979 klabu ikanyakua Kombe la Afrika Mashariki na Kati kwa mara ya kwanza.

Nguzo ya kwanza iling'olewa mwaka 1980. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipiga marufuku vyama vya kikabila, na vilabu vyenye majina ya makabila vikaamrishwa kuyabadilisha. Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia ilisalimika na jina lake, kwani Gor Mahia ni jina la mganga mashuhuri wa kale na wala si la kabila. Abaluhya haikuwa na mganga wa kujifichia. Ikawa All Footballers Confederation, kwa ufupi AFC, na nyuma yake likawekwa neno Leopards, yaani chui, ambaye kwa Kiluhya ni ingwe.

Wengi husimulia kisa hicho kama mzaha. Hucheka jinsi wazee walivyobuni jina refu la Kizungu ili kuipumbaza serikali, huku kila mtu akiendelea kuiita timu vilevile alivyoizoea. Lakini amri ile haikugusa jina pekee. Iliondoa chama. Na chama ndicho kilichokuwa na matawi, ada na kumbukumbu za nani ni mwanachama na nani ni mpita njia. Klabu ikabaki na mashabiki maelfu kwa maelfu, lakini bila ya mzazi. Hakuna aliyeketi wakati huo akauliza: sasa kwa kuwa chama kimekufa, uanachama wa klabu utasimamiwa vipi?

Sababu ya kutouliza inaeleweka. Timu ilikuwa ikishinda! Ilitwaa ligi mwaka 1980, 1981 na 1982. Ilitwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1982, 1983 na 1984. Langoni alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa, mmoja wa wanyakaji hodari zaidi waliopata kuzaliwa nchini, ambaye pia alikuwa tegemeo la Harambee Stars katika kipindi ambacho timu hiyo ilishinda Kombe la Challenge mara tatu mfululizo kuanzia 1981 hadi 1983. Katikati alikuwepo Wilberforce Mulamba, na mbele Masiga. Nani ataulizia daftari la wanachama wakati kama huo?

Na hapa inafaa kutaja jambo ambalo wale wanaozishutumu klabu hizi kwa ukabila husahau. Mswahili wa Mombasa ndiye aliyelinda lango la klabu ya Waluhya katika siku zake bora kabisa, na mashabiki wakampenda kama mtoto wao. Ukabila wa Ingwe ulikuwa wa kutambuliana jukwaani, wa ngoma na nyimbo. Uwanjani kigezo kilikuwa ni mguu.

Nguzo ya pili haikung'olewa kwa amri moja. Iliozea chini polepole. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliyokuwa yamejaza wachezaji yalianza kupunguza wafanyakazi. Reli ilidhoofika. Viwanda vikafungwa au vikaajiri vibarua. Kijana mwenye kipawa aliyefika Nairobi kutoka Kakamega hakuwa tena na mzee wa kumpeleka ofisini, na hata kama mzee alikuwepo, nafasi haikuwepo. Akabisha mlango wa klabu akitaka mshahara. Hilo lilikuwa dai la haki, maana sasa soka ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini klabu ilikuwa bado ni ile ile ya 1964: kamati ya watu waliojitolea, mapato ya langoni, na mchango wa dharura timu inapotaka kusafiri.

Tazama orodha ya mabingwa utaona jinsi mizani ilivyoinama. Ingwe ilishinda ligi mwaka 1986, 1988, 1989, 1992 na 1998. Msimu wa 2024/25 ulipomalizika, taji hilo la 1998 lilikuwa bado ndilo la mwisho. Gor Mahia nayo ilikaa bila ligi tangu 1995 hadi 2013. Katika pengo hilo walitawala wenye waajiri: Utalii, Tusker, Oserian, Ulinzi, SoNy Sugar. Mwaka 2025 ubingwa ulikwenda kwa Kenya Police, kwa mara yao ya kwanza. Askari aliyepangwa kucheza namba tisa ana mshahara mwisho wa mwezi hata akikosa penalti. Kwa maneno mengine, timu hizo ndizo zilizorithi mfumo wa zamani wa Abaluhya, ule wa mchezaji mwenye kazi, ilhali Abaluhya wenyewe wameachwa na mfumo ambao hawakuujenga.

Migogoro ya wakuu wa soka ilizidisha uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na wakati nchi ilikuwa na ligi mbili zinazozozana, na FIFA ikaisimamisha Kenya mwaka 2004 na tena 2006. Katikati ya muongo huo yalitokea yale ambayo mzee yeyote wa Kaloleni angeyaita matusi kama ungemtabiria: Ingwe ilishuka daraja. Ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2009, na umati uliofurika kuipokea ulithibitisha kwamba mapenzi hayakushuka daraja pamoja nayo.

Umati huo ungeweza kuwa mtaji. Badala yake uliendelea kuwa umati tu, na wakati mwingine kwa gharama ya kutisha. Oktoba 23, 2010, watu wasiopungua saba walipoteza maisha katika mkanyagano uwanjani Nyayo siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mkanyagano hauna sababu moja. Hata hivyo, soka ambayo haiwajui mashabiki wake isipokuwa siku wanaposongamana langoni na noti mkononi ina njia chache za kujua ni wangapi watakuja, na chache zaidi za kuwalinda.

Ndipo ikaja enzi ya wafadhili. Kampuni ya sukari ya Mumias, jirani wa asili kabisa wa klabu hii, iliwahi kuifadhili. Mumias yenyewe ilizama kwenye madeni na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Kampuni ya kamari ya SportPesa iliingia kwa kishindo, na kwa muda mishahara ilipatikana. Januari 2018, serikali ilipopandisha ushuru wa kamari hadi asilimia 35, ilitangaza kusitisha ufadhili wake wa michezo nchini. Ikarudi baadaye. Agosti 2019, baada ya mvutano mwingine na serikali juu ya leseni na kodi, ikaondoka tena. Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki mikono mitupu kwa siku moja.

Yaliyofuata yalikuwa ya kusikitisha. Wachezaji wa kigeni walianza kuondoka. Baadhi yao, pamoja na kocha kutoka Rwanda, waliwasilisha madai ya malimbikizo mbele ya FIFA, na mwaka 2021 klabu ikapigwa marufuku ya kusajili wachezaji hadi madeni yalipwe. Wachezaji wa humu nchini, ambao wengi wao hawana wakili wala hawajui FIFA iko wapi, walidai kwa njia wanayoijua: kususia mazoezi, au kunyamaza na kukopa kodi ya nyumba.

Hapo ndipo swali letu la mwanzo linapouma. Deni la FIFA ni la nani? Mwenyekiti aliyetia sahihi mkataba huondoka kipindi chake kinapokwisha. Daktari Dan Shikanda, aliyekuwa mchezaji wa klabu hiyo, alichukua uongozi mwaka 2019, wiki chache tu kabla ya ufadhili kukatika. Mwaka 2025 akampisha mchezaji mwingine wa zamani, straika Boniface Ambani. Ni jambo la kutia moyo kwamba klabu inaongozwa na watu walioitolea jasho. Lakini kila mwenyekiti mpya hurithi madeni ambayo hakuyakopa, kwa niaba ya wanachama ambao hawezi kuwahesabu.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuziacha klabu za kijamii zife kifo cha kawaida, na soka iachiwe kampuni na idara za serikali. Hoja hiyo ina upungufu mkubwa. Oserian, timu ya kampuni ya maua ya Naivasha, ilishinda ligi mwaka 2001 na 2002. Iko wapi leo? Utalii, bingwa wa 1997, iko wapi? Timu ya mwajiri huzimwa kwa barua moja kutoka ofisi ya uhasibu, na siku inapozimwa hakuna anayelia isipokuwa wachezaji. Ingwe imeshushwa daraja, imefungiwa na FIFA, imekosa hata pesa za basi, na bado ipo. Timu za waajiri zina pesa na hazina watu. Ingwe ina watu, na kazi iliyobaki ni kuwageuza watu hao kuwa wamiliki.

Wengine wanataka klabu iuzwe kwa tajiri mmoja. Hapa mfano wa jirani unafaa kuangaliwa kwa makini kuliko tunavyofanya. Simba na Yanga za Dar es Salaam ni klabu za wanachama kama hizi zetu, zenye umri mkubwa hata kuzishinda. Mwaka 2017 Simba ilichagua kubadilisha mfumo wake, mfanyabiashara Mohammed Dewji akaahidi kuwekeza Sh20 bilioni za Tanzania, na kanuni za serikali zikahifadhi asilimia 51 ya umiliki mikononi mwa wanachama. Mizozo haikuisha, na si ajabu, lakini Simba imekuwa ikifika robo fainali za mashindano ya Afrika mara kwa mara, na mwaka 2025 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho.

Wakenya wengi huutazama mfano huo wakaona pesa za Dewji. Mimi naona asilimia 51. Simba iliweza kuwagawia wanachama sehemu yao kwa sababu wanachama walikuwepo: wana kadi, wana matawi mitaani na mikoani, na mkutano wao mkuu ni tukio la kitaifa. Je, AFC Leopards ikimpata mwekezaji kesho asubuhi, ile nusu ya jamii itaandikwa kwa jina la nani? Pasipo daftari, mwekezaji ataketi mezani na kamati ya watu wachache, na klabu iliyoundwa kwa shilingi za makuli na makarani itabadilisha mikono bila ya warithi wao kuulizwa.

Sheria haikatazi mabadiliko. Sheria ya Michezo ya 2013 imevitaka vilabu visajiliwe upya kwa Msajili wa Michezo, na masharti ya leseni ya CAF yanazidai klabu zinazotaka kucheza Afrika zithibitishe umiliki, zionyeshe hesabu zilizokaguliwa na ziwe na timu za chipukizi. Uongozi wa Ingwe unaweza kuyachukulia masharti hayo kama adha ya kujaza fomu. Au unaweza kuyatumia kuijenga upya ile nyumba iliyobomolewa mwaka 1980, safari hii bila ya sharti la kabila.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Tuseme, kwa mfano tu, watu 10,000 walipe Sh1,000 kila mmoja kwa mwaka. Hizo ni Sh10 milioni. Hazitoshi kuendesha timu ya Ligi Kuu, na hakuna anayepaswa kudanganya kwamba zinatosha. Lakini ni fedha ambazo hakuna waziri wa fedha anayeweza kuzifuta kwa kupandisha ushuru wa kamari. Tena mfadhili anayeonyeshwa majina 10,000 yenye nambari za simu na mahali wanapoishi hazungumzi na klabu kama anayetoa sadaka. Anazungumza kama anayenunua kitu. Miaka hii ambapo hata muuza mboga hupokea malipo kwa simu, kisingizio kwamba ni vigumu kukusanya ada hakisimami.

Kikwazo ni kwamba daftari la wanachama ni upanga ukatao kuwili. Wanachama walioandikwa hudai hesabu. Huuliza pesa za mauzo ya mchezaji ziliingia akaunti gani, na tiketi ngapi ziliuzwa siku ya debi. Shabiki asiyeandikwa hupiga kelele Jumapili na kurudi nyumbani. Si kila aliyewahi kuongoza klabu nchini humu angefurahia kubadilishana wa pili kwa wa kwanza, na huenda ndiyo sababu jambo hili hutajwa katika kila kampeni na kusahaulika baada ya kila uchaguzi.

Lawama haziwaangukii viongozi pekee. Shabiki wa Ingwe huwa tayari kulipa nauli kutoka Kakamega, Bungoma au Busia hadi Nairobi, alale kwa binamu yake Kangemi, anunue jezi ya bandia nje ya lango ambayo klabu haipati hata senti moja kutokana nayo, kisha apande matatu usiku akijiita mwenye timu. Babu yake, karani wa reli aliyeishi Makongeni, hakuwa na jezi. Alikuwa na risiti ya ada ya mwezi.

Isikuti yenyewe, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo ndiyo mpigo wa moyo wa klabu hii, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Klabu haina orodha ya namna hiyo ya kuisubiri. Ina mkutano mkuu wa kila mwaka, ambao unaweza kuamua mambo mawili kabla ya kumjadili mfadhili yeyote mpya: tarehe ya kufunguliwa kwa daftari, na kiasi cha malimbikizo ambacho kila mchezaji anadai hadi siku hiyo, kisomwe hadharani jina baada ya jina.